Gongo gani la softiboli kwa baridi ya Limuru? Sisi tumezoea joto la Mombasa

Kocha_Likoni

Salaam aleikum. Nauliza wanaoyajua magongo vizuri.

Timu yetu ni ya wasichana, urushaji wa kasi, mazoezi yetu ni Likoni. Katikati ya Julai tuna mechi tatu Limuru, na mbili zinaanza saa mbili asubuhi. Huku pwani hata kusi ikivuma, asubuhi ya baridi sana ni digrii 20 hivi. Kule tumeambiwa tutarajie 10 hadi 12, na ukungu juu yake.

Tuna magongo matatu. La kwanza ni la kompoziti, vipande viwili, inchi 33 aunsi 23. Hilo ndilo kila mmoja analigombania. La pili ni la alumini, kipande kimoja, inchi 32 aunsi 22, la zamani na limebonyea kidogo tumboni, yaani kwenye sehemu nene ya kupigia. La tatu ni la urushaji wa polepole, inchi 34 aunsi 28, tulipewa tu. Pesa ipo ya kununua moja jipya, si zaidi.

Je, la kompoziti linaweza kucheza kwenye baridi hiyo au litapasuka? Nikinunua, ninunue la aina gani? Na je, kulipasha joto kidogo karibu na jiko la makaa kabla ya zamu ya kupiga kunasaidia? Kuna mzazi amependekeza hivyo.

TumboLaGongo

Waaleikum salaam kocha. Naanza na jiko kwa sababu ndilo la hatari: msilisogeze gongo la kompoziti karibu na makaa hata mara moja. Tumbo la gongo hilo ni tabaka za nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi ya epoksi. Joto la makaa hupiga upande mmoja, gundi ya upande huo inalegea huku upande wa pili ungali baridi, na kifuniko cha ncha kilichogundishwa kinaanza kuachia. Tena kanuni za mashindano mengi zinakataza kupasha gongo joto kwa kifaa chochote. Mwamuzi akiliona kando ya jiko analitoa mchezoni, na mpigaji wenu naye anaweza kuadhibiwa.

Sasa kuhusu kupasuka. Watengenezaji wengi wa magongo ya kompoziti huandika kwamba yasitumike chini ya digrii 60 za Fahrenheit, ambazo ni kama 15.5 zetu. Wengine huweka mpaka kwenye 65, yaani 18. Soma karatasi iliyokuja na gongo lenu, au kibandiko kwenye mpini kama bado kipo. Digrii 10 hadi 12 ziko chini ya mipaka yote miwili, kwa hiyo saa mbili asubuhi gongo hilo libaki ndani ya mfuko wake.

Sababu yenyewe ni hii. Kukiwa na joto, ukuta wa tumbo hubonyea kidogo mpira unapogonga, kisha hurudi na kuusukuma mpira. Kukiwa na baridi gundi hukakamaa, haitaki kubonyea. Na mpira nao umekakamaa, maana kiini chake ni poliyurethani. Kwa hiyo vitu viwili vigumu vinagongana, hakuna anayemwachia mwenzake, na nguvu yote inaingia kwenye tabaka. Nyufa za kwanza huwa ndogo mno, hazionekani kwa macho. Mara nyingi huanzia karibu na kifuniko cha ncha, au pale tumbo linapoanza kuwa jembamba kuelekea mpini. Gongo linaweza kumaliza mechi ya Limuru likiwa zima machoni, likafia mikononi mwenu wiki mbili baadaye huku Likoni.

Mdakaji_Tudor

Nakubaliana na TumboLaGongo, ila kocha usisahau kwamba mpira ni nusu ya tatizo.

Mipira ya urushaji wa kasi ya inchi 12 huwa imeandikwa namba mbili, kwa mfano .47 na 375. Ya kwanza ni kiwango cha kudunda. Ya pili ni nguvu, kwa pauni, inayohitajika kuubonyeza mpira robo inchi. Vipimo hivyo hufanywa maabara kwenye digrii 22 au karibu na hapo. Mpira huo huo ukilala usiku kucha ndani ya basi Limuru, asubuhi hauwi tena 375, unakuwa mgumu kuliko ilivyoandikwa. Na kwa kuwa poliyurethani haipitishi joto upesi, jua la saa nne huipasha ngozi ya juu tu, kiini kinabaki baridi kwa muda mrefu.

Mipira ya mechi ni ya waandaaji, hiyo hamna la kufanya. Lakini mipira yenu ya kupashia misuli ilazeni ndani ya chumba mnacholala, msiiache garini. Asubuhi ipelekeni uwanjani ndani ya begi lililofungwa, imefunikwa blanketi au leso mbili tatu. Na msitumie ile mipira ya mashine yenye vishimo vishimo kwa gongo la kompoziti, baridi au joto. Ile ni migumu kupita kiasi na ni sababu mojawapo kubwa ya matumbo kupasuka mazoezini.

AunsiMbili

Kwa swali la kununua: kwa mechi za asubuhi ya baridi, alumini. Halina mjadala. Alumini haiwi dhaifu kwa baridi kama ile, digrii 10 kwake si kitu. Huhitaji hata kulizoeza, yaani kulipiga mapigo ya kwanza ili tumbo lilegee. Siku ya kwanza linapiga kama litakavyopiga mwezi wa tatu.

Chukua inchi 33 aunsi 23, vipimo vile vile vya lile wanalolipenda. Usibadilishe urefu kwa ajili ya safari. Mpigaji aliyezoea inchi 33 akipewa 32, mpira unaopita upande wa nje wa sahani (kibao anachosimama kando yake) ataukosa kwa kidogo, au ataugonga na ncha kabisa, na hapo ndipo mikono inapowaka.

Jambo moja kabla ya kulipa: lipime kwa mizani ya jikoni. Aunsi 23 ni gramu 652. Namba iliyoandikwa ni ya kukadiria tu, na magongo mengi huzidi kwa aunsi moja au zaidi ukihesabu utepe wa mpini. Ukilikuta na gramu 700, mjue mnanunua gongo la karibu aunsi 25. Na liwe na alama ya kuidhinishwa inayokubaliwa na waandaaji wenu. Waulize mapema ni alama gani wanazikubali.

Binti_wa_Mbaraki

Kaka AunsiMbili, hapo kwenye "halina mjadala" mimi nina mjadala.

Alumini la kipande kimoja halipasuki kwa baridi, kweli, lakini linauma mikono. Mpira ukigonga nje ya mahali pake, gongo zima linatetemeka na mtetemo unakuja moja kwa moja hadi kwenye kidole gumba cha mkono wa juu. Mahali pake ni kama inchi 5 hadi 7 kutoka kwenye ncha. Hapo mkono hauhisi kitu. Sogea inchi mbili kuelekea mpini, kwenye digrii 11, na mpira mgumu kama alivyoeleza Mdakaji, mtoto atalia. Akishaumwa mara mbili hapigi tena kwa nguvu. Anaanza kuusubiri mpira, anapunguza mwendo wa mikono, na mkikaa kitako kutafuta kwa nini timu haipigi, jibu ni hofu ya maumivu.

Kocha, mimi ningenunua la mchanganyiko: tumbo la alumini, mpini wa kompoziti. Tumbo ndilo linalopigwa, na ni alumini, basi baridi haliogopi. Mpini ndio unaonyonya mtetemo, pamoja na kiungo cha katikati. Bado soma karatasi yake, maana wapo watengenezaji wanaoweka mpaka wa joto hata kwa haya. Lakini hatari ni ndogo sana kulinganisha na tumbo la kompoziti, kwa kuwa mpini haugongwi isipokuwa mpira ukimwingia mpigaji mikononi.

Udhaifu wake uko kwenye kiungo. Kabla ya kununua, na kabla ya kila mechi, shika tumbo kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, uvizungushe kinyume kama unayekamua nguo. Kikizunguka hata unywele, liache. Kisha litikise karibu na sikio. Kitu kikicheza ndani mithili ya kokoto, mara nyingi ni gundi iliyokatika.

AunsiMbili

Dada, kuhusu maumivu nakubali. Nilifikiria gongo, sikufikiria mikono ya wasichana. Mchanganyiko basi, kama bei inaruhusu; likiwa ghali mno, alumini la kipande kimoja na utepe mzito.

TumboLaGongo

Utepe uelezwe vizuri maana watu hukosea. Ule wa kawaida una unene wa milimita 1.1 hivi. Kwa baridi tafuta wa 1.8. Bandua wa zamani wote, futa gundi iliyobaki kwa kitambaa na spiriti, acha pakauke. Anzia chini kwenye kirungu (kile kivimbe cha mwisho wa mpini), zungusha kupanda juu, kila mzunguko upande juu ya mwenzake milimita 3 tu, ukiuvuta kidogo bila kuunyoosha hadi ukawa mwembamba. Malizia kwa utepe wa umeme.

Kosa la kawaida ni kuufunga mpya juu ya wa zamani. Mpini unanenepa, vidole havifungi, na mikono inachelewa kugeuka. Mpigaji anaanza kupiga mipira ya kasi kuelekea upande wa pili wa uwanja bila kukusudia, kocha anadhani tatizo ni macho.

Na glavu za kupigia wavae wote, mikono yote miwili. Anayeumwa sana gumba aongeze ile pete ya mpira ya kuvaa kidoleni.

Kocha_Likoni

Shukran sana, nimeelewa mengi. Yamebaki matatu.

Lile la alumini la zamani lenye kubonyea, linafaa kuwa la akiba? La polepole je? Na mechi yetu ya tatu ni saa nane mchana; wenyeji wanasema jua likitoka hufika 18 hadi 20. Hapo naweza kulitoa la kompoziti?

Mdakaji_Tudor

La polepole libaki nyumbani, kocha. Si suala la baridi hata kidogo. Tumbo lake limetengenezwa kwa mpira unaoanguka polepole kutoka juu, si kwa mpira unaokuja kwa kasi. Likiwa la kompoziti litapasuka, likiwa la alumini litabonyea, na aunsi 28 mikononi mwa msichana aliyezoea 23 ni kumchelewesha bure.

Lenye kubonyea lipitishe kwenye pete ya kupimia. Kipenyo cha tumbo kinachoruhusiwa ni inchi 2¼, yaani milimita 57, na waamuzi wengi hubeba pete iliyo kubwa kidogo kuliko hapo. Kama huna pete, fundi wa chuma pale Mwembe Tayari atakukatia ya plastiki au bati nene. Mpe kipimo cha milimita 58 ndani. Ipitishe kutoka ncha hadi mpini. Ikikwama popote, gongo halifai, kwa sababu palipobonyea pamesukuma ukuta wa pembeni utokeze. Ikipita, litumieni kama la akiba, lakini palipobonyea pasiwe upande wa kugonga. Weka alama ya rangi kwenye kirungu ili mpigaji ajue kuligeuza. Mpira mgumu wa baridi ukigonga palepale utaongeza shimo.

Binti_wa_Mbaraki

Kuhusu saa nane mchana: pima, usisikilize simu. Utabiri wa simu ni wa mji mzima na wala si wa uwanja wenu ulioko bondeni kwenye majani ya chai na umande. Nunua kipimajoto cha kawaida cha ukutani, kining'inize kivulini kwenye kibanda cha wachezaji, subiri dakika kumi, soma. Kikisoma 18 na zaidi, na gongo limekuwa katika joto hilo kwa saa nzima, litoe. Kati ya 15.5 na 18 ni juu ya karatasi ya mtengenezaji wenu. Mimi kwa gongo la pekee la timu nisingelihatarisha. Chini ya 15.5, hapana, hata kama mko nyuma kwa pointi moja na mpigaji bora anakulilia.

Na usidanganyike na jua kutoka. Hewa hupata joto kwanza, gongo baadaye, kiini cha mpira mwisho kabisa. Kama gongo lilikuwa limelala kwenye nyasi tangu asubuhi, saa ya jua la kwanza bado ni baridi lile lile. Basi lisilale chini. Libaki ndani ya mfuko wake, limeviringishwa blanketi, ndani ya basi, litoke mpigaji anapokwenda kusubiri zamu, lirudi akimaliza. Kulihifadhi lisipoteze joto lake ni tofauti na kulipasha.

Upepo_wa_Kusi

Nyongeza moja ambayo watu wa pwani huisahau. Limuru iko juu ya mita 2,000. Hewa ya kule, hata ikiwa baridi, ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Kwa hiyo kuna mambo mawili yanavutana: mpira baridi hauruki kwa kasi kutoka kwenye gongo kwa sababu ya ugumu na udhaifu wa kudunda, lakini ukishapaa, hewa haiuzuii kama huku. Walinzi wa nyuma wasisogee mbele eti "baridi inaua mpira". Waanze mahali pao pa kawaida, waangalie mipira mitatu minne ya kupashia inavyosafiri, ndipo waamue.

Mrushaji wenu naye ataona mpira wake wa kupinda unapinda kidogo kuliko Likoni. Hewa nyepesi haiushiki mpira vizuri. Afike mapema arushe mipira 30 au 40 kabla ya kuamua atategemea mrusho upi. Wapigaji wenu hapo wana faida ndogo, waambieni.

Kocha_Likoni

Hili la hewa sikuwa nalijua, shukran. Nimeamua: mchanganyiko, 33/23, na utepe wa 1.8. Je, lile la kompoziti nilikague vipi likirudi? Na mwakani tukinunua la pili la kompoziti, tulizoeze wapi?

TumboLaGongo

Ukaguzi, fanya kabla ya safari na baada ya safari ili uwe na cha kulinganisha. Ning'iniza gongo kwa vidole viwili kwenye kirungu, gonga tumbo kwa sarafu ya shilingi ishirini, sentimita mbili mbili, ukizunguka lote. Zima hulia mlio mmoja kote. Mahali penye ufa hutoa mlio mfu, kama kugonga nazi iliyooza. Kisha pitisha pamba kavu polepole juu ya tumbo. Nyuzi za pamba zikinaswa mahali, hapo pana ufa hata kama huuoni. Mikwaruzo ya rangi peke yake si ufa, usiogope.

Kulizoeza jipya: Mombasa ni mahali pazuri kuliko Limuru yoyote, joto lipo mwaka mzima. Mipira ya kawaida ya ngozi, si ya vishimo. Anza kwa mapigo 50 ya nusu nguvu ukitumia kigingi cha kuwekea mpira, kisha 50 ya robo tatu, kisha 50 hadi 100 ya nguvu zote kwa mpira wa kurushwa. Baada ya kila pigo zungusha gongo moja ya nane ya duara, ili tumbo lilegee sawasawa pande zote. Lisilozungushwa hulegea upande mmoja, na upande huo ndio hupasuka kwanza.

Na likishamaliza mazoezi, msiliache kwenye buti la gari lililoegeshwa juani kivukoni. Ndani ya buti jua la Mombasa hupita digrii 50, na gundi haipendi hilo. Futeni chumvi ya bahari kwa kitambaa chenye maji baridi, mkaushe, mlirudishe ndani ya nyumba.

Mdakaji_Tudor

Kocha, pete ile uikate mbili. Moja kaa nayo, ya pili mpe nahodha aipitishe kwenye magongo yote asubuhi kabla mwamuzi hajayaita.